Majani ya okidi kugeuka manjano: maswali yanayorudi kila wiki Unguja na Pemba

Picha huja kwenye simu, nyingi baada ya Isha watu wakishatulia: jani limeshikwa kwa vidole viwili, manjano kama embe bivu, na chini yake maneno mawili, "Inakufa hii?" Mara nyingi haifi. Hapa nimekusanya maswali yanayorudi zaidi kutoka Mjini, Fuoni, Bububu, Chake na Wete. Majibu ni ya ile okidi ya chungu yenye majani mapana ya kulala na maua kama vipepeo, ambayo wataalamu huiita Phalaenopsis. Wenye okidi za aina nyengine wana sehemu yao mwishoni.

## Kabla hujagusa kitu

Jani moja tu la chini limegeuka manjano. Niogope?

Usiogope, na tafadhali usikimbilie ndoo ya maji. Okidi hii huotesha jani jipya katikati, juu, na baada ya miaka michache jani kongwe la chini kabisa huaga. Jani la uzee hugeuka pole pole, kwa wiki kadhaa: manjano, kisha kahawia, kisha likakauka kama karatasi. Wakati wote huo majani ya juu yake hubaki magumu na kijani.

Liache. Mmea unavuta chakula kilichobaki ndani yake, na ukilikata bado bichi unafungua kidonda bila sababu. Likishakauka litatoka lenyewe ukilivuta kidogo kwa pembeni.

Nitajuaje sababu kwa kutazama tu?

Tazama manjano yameanzia wapi. Yakianzia chini, kwa jani moja, taratibu, ni uzee. Yakianzia chini lakini majani mawili matatu yamegeuka pamoja na yamelegea, shaka yangu ya kwanza ni mizizi. Mabaka upande unaoelekea dirishani tu, hilo ni jua. Mmea mzima umepauka, hauna baka wala kulegea, basi ni njaa au mwanga umezidi. Jani changa la katikati likigeuka manjano, acha kusoma hapa, nenda moja kwa moja kwenye swali la jani la katikati huko chini, maana hilo halisubiri kesho.

Ila jani hutoa habari kwa kuchelewa. Jani lililokunjamana na kulegea linaweza kuwa la okidi yenye kiu au la okidi iliyooza mizizi, na kwa macho huwezi kuyatofautisha, kwa sababu yote mawili hayapati maji. Ndiyo maana wengi humwona mgonjwa amekauka wakamzamisha zaidi. Kabla ya kuamua lolote, tazama mizizi.

Jani lililokwisha kuwa manjano litarudi kijani?

Halirudi. Lililopauka tu kwa njaa huweza kurudisha rangi kidogo ukilisha mmea. Lililokuwa manjano kabisa limekwenda, kazi yako ni kuyalinda yaliyobaki.

## Maji na mizizi

Natia maji kila siku asubuhi bila kukosa. Kwa nini inageuka manjano?

Kwa sababu hiyo hasa. Kama ningetakiwa kuchagua jibu moja kwa picha zote ninazotumiwa, ningejibu "maji mengi" na ningepatia mara nyingi kuliko kukosea.

Okidi hii asili yake ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, Ufilipino na Indonesia, na huko haioti ardhini. Hujishika kwenye miti, mizizi ikaning'inia hewani. Mvua ikipita, ngozi nene ya mzizi, ambayo ni kama sponji, hunyonya haraka, kisha upepo huikausha. Mzizi ule unahitaji hewa kama unavyohitaji maji. Ukiuweka kwenye chungu kilicholoa siku zote unakosa pumzi, unaoza, na mmea unakaa na kiu huku umesimama ndani ya maji. Hapo majani ya chini huanza kwenda.

Ratiba sikupi, kwa sababu visiwa hivi havina hali ya hewa moja. Wakati wa masika, hewa ikiwa nzito na nguo hazikauki kambani, chungu kinaweza kukaa siku nane au kumi bila kuhitaji tone. Januari na Februari, kaskazi likivuma na jua likiwaka, siku tatu nne zinatosha kukikausha. Kinyanyue chungu: kikiwa kizito, mwache. Chomeka kidole mpaka kifundo cha pili: ukisikia ubaridi wa unyevu, mwache. Kama chungu chako ni cha plastiki kinachoonyesha ndani, mambo ni rahisi zaidi. Mizizi ya kijani ina maji, mizizi iliyokuwa na rangi ya fedha inaomba.

Ukitia, tia ya kutosha mpaka yapite tunduni, asubuhi, na uache yachuruzike yote. Maji yakibaki kwenye kisahani yamwage. Mbali na mizizi kuoza, unafuga mbu.

Mizizi iliyooza inaonekanaje?

Itoe okidi chunguni na ushike mzizi mmoja kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Mzima ni mgumu, umejaa, mweupe au kijani, na ukiubana unakataa. Uliooza ni wa kahawia, unabonyea kama ndizi iliyolala, na ukiuvuta ngozi inateleza yote ikabaki mkononi mwako, mzizi ukabaki uzi mwembamba kama ule wa usumba. Ukishauona mara moja hutousahau. Harufu nayo inasema: mizizi mizima inanuka kama msitu baada ya mvua, iliyooza inanuka kama maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa.

Mizizi inayotoka nje ya chungu na kupunga hewani haina kosa. Usiikate, usiilazimishe kuingia ndani.

Nimetazama, nusu ya mizizi imeoza. Bado inaweza kupona?

Inaweza. Nimeona okidi iliyobaki na mizizi miwili ikarudi, ingawa ilichukua karibu mwaka.

Pitisha wembe au mkasi kwenye moto wa kiberiti au uufute kwa spiriti. Kata kila kilichooza mpaka ufike kwenye kilicho kigumu. Kwenye vidonda paka unga wa mdalasini, huu wetu wa jikoni, maana hukausha kidonda na kuzuia ukungu. Pakaa kwenye kidonda tu. Ukiumwagia kwenye mizizi mizima utaikausha nayo. Iache okidi ikae nje ya chungu kivulini kwa siku moja, kisha ipande upya kwenye makumbi ya nazi na mkaa vipya (tazama swali la udongo), kwenye chungu kidogo kinachotosha mizizi iliyobaki. Chungu kikubwa hukaa na maji mengi kuliko mizizi michache inavyoweza kunywa, na utarudi pale pale.

Baada ya hapo tia maji kwa uchache, usitie mbolea mpaka uone mzizi mpya wenye ncha ya kijani. Jani jengine la chini likigeuka manjano katika kipindi hiki usishtuke, mmea unajilipia deni.

Maji ya bomba na ya kisima yanafaa?

Inategemea yanatoka wapi. Tazama ndani ya birika lako la chai. Likijaa ukoko mweupe, maji yako yana chokaa nyingi, jambo la kawaida Unguja kwa kuwa maji ya chini ya ardhi hupita kwenye mawe ya matumbawe. Chokaa hiyo hujilimbikiza kwenye chungu, mizizi ikashindwa kuchukua baadhi ya virutubisho, na majani mapya hutoka yamepauka. Visima vya karibu na pwani vina tatizo jengine, chumvi: ncha za majani huwa kahawia na ncha za mizizi huungua zikawa nyeusi. Ukiyaonja ukasikia munyu, usimpe okidi.

Maji ya mvua ndiyo bora, na tunayo. Acha mvua ya mwanzo ioshe bati, kinga inayofuata, funika chombo vizuri. Kama huna, endelea na ya bomba, lakini mara moja kwa mwezi pitisha maji mengi chunguni yaoshe kilichojikusanya.

Nimeambiwa niweke vipande vitatu vya barafu kwa wiki.

Ni njia tu ya kupima maji kwa wasiopenda kupima. Kikombe kinafanya kazi hiyo hiyo, na barafu yako utaitia kwenye juisi ya ukwaju.

## Chungu na cha kupandia

Naweza kuipanda kwenye udongo wa shambani, na samadi kidogo?

Hapana. Udongo unashikana, hewa haipiti, na kilichobaki ni kile kisa cha mizizi. Cha kutumia ni vitu vikubwa vikubwa vinavyoacha nafasi: vipande vya makumbi vya ukubwa wa kidole gumba, mkaa uliovunjwa, na vigae vya chungu kilichopasuka chini kabisa. Mimi huchanganya makumbi sehemu mbili na mkaa sehemu moja. Wakati wa masika huongeza mkaa.

Hapa nina neno la uchungu. Mwaka wa kwanza nilikwenda pwani ya kusini nikachukua makumbi yaliyofukuliwa ufukweni, yale yanayofukiwa miezi kadhaa kwenye mchanga wa bahari ili yalainike yapigwe usumba. Niliyaona laini, tayari, tena ya bure. Nikapandia okidi tatu. Baada ya mwezi ncha za majani zikawa kahawia, kisha manjano yakapanda juu, na mizizi ilikuwa imekauka kama imetiwa kwenye kikaango. Yale makumbi yamelala kwenye maji ya bahari, yamejaa chumvi! Nilikuwa nimezipandia baharini.

Kwa hiyo tumia makumbi ya nazi za nyumbani, na hata hayo yaloweke siku mbili tatu huku ukibadilisha maji mpaka yasitoe rangi ya chai nzito. Makumbi huoza, hasa kwenye unyevu wetu. Kila mwaka, au mwaka na nusu, badilisha.

Niliyoletewa zawadi ya harusi imo kwenye chungu kizuri kisicho na tundu. Niitoe?

Iache mpaka shamrashamra ziishe, kisha itoe. Vyungu hivyo ni vya kupendezesha meza. Ndani mara nyingi utakuta kikopo cha plastiki chenye matundu na vimea vikavu, laini kama sponji (sphagnum), vilivyobanwa kwenye mizizi. Vimea hivyo hushika maji muda mrefu mno kwa hali yetu ya hewa. Kikopo cha plastiki unaweza kukitumia, vimea hivyo vitoe kwa subira. Kama umekipenda chungu, kifanye ala: mwagilia okidi pembeni, iache ichuruzike, ndipo uirudishe.

## Mwanga, joto na hewa

Niliitoa barazani ipate jua, majani yakapiga mabaka ya manjano yaliyopauka katikati.

Imeungua. Okidi hii huishi chini ya kivuli cha majani ya miti, na jua la saa sita mchana la hapa ni moto kwake. Baka la kuungua haliponi, lakini pia halisambai, kwa hiyo usilikate. Isogeze tu. Jua la asubuhi mpaka kiasi cha saa mbili halina ubaya. Baada ya hapo iwe chini ya paa, nyuma ya pazia jepesi, au chini ya mwembe. Ukitaka kupima, weka mkono kati ya dirisha na jani mchana: kivuli cha mkono kikiwa na ukingo mkali mweusi, mwanga umezidi.

Nyumba yangu iko Mji Mkongwe, kuta nene, ndani giza. Majani ni kijani kizuri sana lakini ya chini yanaondoka.

Kijani hicho kizito kimewadanganya wengi. Okidi yenye mwanga wa kutosha huwa na kijani cha nyasi changa, na ile ya kijani cheusi ina njaa ya mwanga. Gizani pia chungu hakikauki, kwa hiyo matatizo mawili yanakutana. Ipeleke juu darini kwenye kivuli, au kwenye dirisha la ua wa ndani. Kama hakuna, okidi mbili zipeane zamu: wiki mbili sebuleni, wiki mbili mahali penye mwanga.

Kiyoyozi, feni na moshi wa udi vina neno?

Kiyoyozi kikipuliza moja kwa moja kinakausha majani na kudondosha vichipukizi vya maua. Feni ya mbali ni rafiki, hewa inayotembea hukausha maji kwenye majani. Udi ukichomwa chumba kimoja na okidi yenye maua, maua huweza kunyauka mapema, kwa sababu moshi huwa na gesi ya ethilini. Gesi hiyo hiyo hutoka kwenye ndizi na maembe yanayoiva, kwa hivyo usiiweke okidi karibu na sinia la matunda. Sisemi uache udi Ijumaa. Hamisha okidi.

## Chakula

Mmea mzima umepauka. Nitie mbolea gani?

Kama mizizi ni mizima na mwanga si mkali, huenda ni njaa, hasa naitrojeni. Makumbi na mkaa havina chakula cha maana. Tafuta mbolea ya maji au ya unga unaoyeyuka yenye namba tatu zinazolingana, kama 20-20-20, na utumie robo ya kipimo kilichoandikwa, mara mbili kwa mwezi, mizizi ikiwa imeshalowa. Usitumie punje za urea za kwenye mpunga. Zitaunguza mizizi kwa siku chache.

Maji ya kuoshea mchele, machicha ya chai, maji ya samaki?

Kwenye mchicha na minanaa, sawa. Kwenye okidi vyote huoza ndani ya makumbi, vikaita ukungu na sisimizi. Jirani yangu mmoja alimwagia maji ya samaki, na paka wa mtaa mzima wakamalizia kazi.

## Maradhi na wadudu

Jani changa la katikati limegeuka manjano, na nikilivuta linatoka lote.

Moyo wa mmea umeoza. Maji yalituama pale majani yanapokutana, na kwenye joto letu usiku mmoja wa maji pale unatosha. Okidi hii haina moyo wa pili wa kukua juu, kwa hiyo uwezekano wa kuiokoa ni mdogo. Nyonya maji yote kwa pamba, toa kilichooza mpaka ufike pakavu, tia mdalasini, iache mahali penye hewa bila kumwagilia kwa siku kadhaa. Kama mizizi na majani ya chini ni mizima, wakati mwengine hutoa kitoto pembeni ya shina baada ya miezi.

Kinga ni nyepesi: mwagilia makumbi, si majani, na asubuhi, ili jioni pawe pakavu. Iliyoko nje wakati wa masika iingize chini ya paa, au ining'inize imeinama upande, kama inavyokaa mtini.

Kuna baka la majimaji, linakua kila siku, lina ukingo wa manjano na harufu.

Hiyo ni bakteria. Kata jani siku hiyo hiyo, kidole kimoja chini ya baka, kwa wembe uliosafishwa, usafishe tena baada ya kila mkato. Itenge na nyengine. Usirashie maji majani.

Naona vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio, na sisimizi wanapanda.

Wadudu hao hunyonya utomvu, majani yakaingia vidoa vya manjano. Sisimizi hufuata utamu wanaoutoa na huwalinda kama wafugaji. Wengine ni wadudu gamba, wa kahawia na wamebandika kama vidonge. Wafute mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti ya duka la dawa, pamoja na chini ya majani na kwenye mikunjo. Rudia kila wiki kwa mwezi mzima, maana mayai huanguliwa nyuma yako.

## Hali zisizo za kawaida

Okidi yangu ina vijiti kama miwa midogo, kijiti kimoja kimemwaga majani yote.

Yako ni dendrobi. Baadhi ya dendrobi humwaga majani kwenye kijiti kikongwe, na kijiti hicho kitupu huweza bado kutoa maua. Kikiwa kigumu na kijani au manjano, usikate. Kikikunjamana na kubonyea, tazama mizizi.

Na vanila? Ya kwetu shambani inageuka manjano.

Vanila nayo ni okidi, wengi hushangaa. Ikigeuka manjano yote kwa jua, iongezee kivuli. Ikigeuka manjano huku mizizi ya ardhini ikiwa kahawia na kufa, huo ni ukungu wa mizizi. Chukua pando kutoka kwenye sehemu nzima ya juu, ulipande mahali pengine pasipotuama maji, wala usirudishe vanila kwenye shimo lile lile.

Niliinunua Dar, nimevuka nayo kwa boti, wiki mbili baadaye majani mawili manjano.

Safari, joto la gari, upepo, kisha nyumba mpya. Jani moja au mawili ni nauli. Usiibadilishe chungu wala kuilisha kwa wiki tatu, isipokuwa ukikuta mizizi inaoza.

Naweza kuchukua okidi ya mwitu Ngezi au Jozani, ambayo imeshazoea hapa?

Usifanye hivyo. Hiyo ni misitu ya hifadhi, na biashara ya okidi za mwituni kati ya nchi na nchi inabanwa na mkataba wa kimataifa. Hata ukiweka sheria kando, okidi iliyobanduliwa mtini inaacha mizizi yake kwenye gome, na majani yatakuwa manjano kabla hujamaliza kuisifu.

Nasafiri wiki tatu. Nani aimwagilie?

Mtu mvivu. Nasema kweli. Mwagilia vizuri siku ya kuondoka, iweke kivulini, na umwombe aje mara mbili tu, zaidi ya hapo asiguse. Mama mkwe wangu, Mungu amweke, alinisaidia kwa mapenzi kila asubuhi kwa siku ishirini. Kilichofuata kimo kwenye sehemu ya mizizi.

Lini nikubali kwamba imekufa?

Pale moyo unapokuwa mweusi na laini, hakuna jani gumu hata moja, na kila mzizi unaoubana unabaki uzi. Kabla ya hapo ipe muda. Ikishafika hapo, makumbi yatupe, usiyapandie nyengine. Chungu kisugue, kiloweke nusu saa kwenye maji yenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji, kisuuze na ukianike juani mpaka harufu iishe. Mkaa ukitaka kuutumia tena, uchemshe kwanza.